Pikapu Mpya na Pilau ya Kigamboni

Siku niliyoamua kununua gari jipya nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni mwa Barabara ya Msimbazi, nikilinda sufuria za pilau. Kirikuu niliyoikodi, kigari kidogo cha mizigo, ilikuwa imezima katikati ya Kariakoo, saa ile ambayo Kariakoo yote iko barabarani: wabeba mizigo, mikokoteni, wauza maji, watu wa mikoani na marobota yao ya nguo. Dereva alikuwa ameingia chini ya gari, miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Mabasi ya mwendokasi yalipita kwenye njia yao, na abiria walituangalia kupitia vioo kama watu wanaoangalia ajali ndogo isiyo na damu.

Ilala kulikuwa na hitima. Watu walikuwa wamemaliza kusoma, wamenawa mikono, wamekaa kwenye majamvi. Simu yangu iliita mpaka nikaacha kuipokea, maana sikuwa na jipya la kusema. Tulipopata gari jingine na kufika, pilau ilikuwa imepoa na kushikana. Mwenye shughuli hakunigombeza. Alinishukuru kwa sauti ya chini, akaagiza watu wapakue, na ile sauti ya chini iliniuma kuliko matusi.

Kazi yangu ni mapishi ya shughuli. Harusi, hitima, maulidi, kumtoa mtoto nje, siku hizi hata mikutano ya ofisini. Tunapikia uani, kwenye nyumba waliyotuachia wazazi wetu Gerezani, nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma umepakana na gereji. Dada yangu mkubwa ndiye mwenye mkono wa pilau; akishaifunika, hakuna anayethubutu kufunua. Mimi nashika mengine yote. Napokea kazi, nanunua mchele na nyama, natafuta kina mama wa kumenya na kuosha, na zaidi ya yote nahakikisha chakula kinafika kikiwa moto. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likinizeesha. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakodi magari, na gari la kukodi hufanya kazi vizuri siku ambayo huna haraka.

Mume wangu aliendesha treni mpaka alipostaafu. Ni mtu wa maneno machache na masikio makali. Maisha yake yote ya kazi alikaa na injini za dizeli, na mpaka leo gari likipita nje ya dirisha anaweza kukwambia lina ugonjwa gani kabla halijafika kona. Jioni ya siku ile ya hitima, tukiwa tunakunywa chai uani, nilimwambia yeye na dada kwamba nitauza kiwanja changu cha Mbagala ninunue pikapu. Siyo iliyotumika Japani. Mpya ya dukani, ya dizeli, yenye kabini ya watu watano, na inayovuta kwa magurudumu yote manne.

Dada aliweka kikombe chini akaniuliza kama nimepigwa na jua. Mume wangu aliendelea kunywa chai yake, halafu akauliza swali moja tu: injini yake nani ameisikia?

Gerezani habari hazilali. Mtaa wetu unaishi kwa magari yaliyochoka. Kila mlango wa pili ni duka la spea, na kila mwenye duka la spea ana maoni. Nilipotoka kununua mkaa niliambiwa ninunue ya zamani, ile ambayo injini yake haifi. Nilipokwenda sokoni kununua vitunguu niliambiwa kwamba pikapu mpya ni kompyuta tupu, kwamba dizeli yetu itaua nozeli zake za kupulizia mafuta kabla hata rangi haijapauka, na kwamba kuna mtu wa Tabata aliyenunua kama hiyo na sasa anafugia kuku ndani yake. Huyo mtu wa Tabata nilisimuliwa na watu wengi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Niliyemsikiliza zaidi alikuwa fundi wa gereji ya nyuma ya ukuta wetu. Ni mtu wa makamo, mpole, amekula chakula chetu tangu enzi za mama. Nilimfuata mwenyewe, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mama, gari la zamani likiumwa linakuambia," alisema huku akijifuta mikono. "Linakohoa, linatoa moshi, linakupa muda wa kujiandaa. Hii mpya inakuwashia taa tu. Halafu inanyamaza."

Maneno yale yaliniingia, nikatembea nayo. Nikiwa nakatakata nyama nayasikia. Nikiwa nasali yananipitia. Kiwanja cha Mbagala ndicho kitu pekee nilichowahi kununua kwa jina langu, na nilikuwa nakwenda kukibadilisha na kitu chenye matairi ambacho kinaweza kunyamaza siku ya harusi ya mtu. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba magonjwa ya magari ya wenzangu. Nilijiambia, kama ni kuumwa, basi liumwe la kwangu, na niijue hospitali yake.

Kiwanja kilipouzwa tulikwenda kulichukua gari, mimi na mume wangu, kwenye duka moja la magari njia ya Pugu. Lilikuwa jeupe, refu kuliko nilivyokumbuka, viti bado vina nailoni. Muuzaji alimpa mume wangu funguo. Mume wangu akanipa mimi, kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Leseni nilikuwa nayo siku nyingi. Marehemu baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye gari lake bovu la kubebea samaki, na nadhani mtu akijifunzia kwenye gari bovu haogopi tena gari lolote. Hata hivyo, siku ile niliogopa. Niliendesha kutoka njia ya Pugu mpaka Gerezani nimeshika usukani kama nimeshika mtoto mchanga. Mume wangu aliinamisha kichwa kuelekea mbele, jicho moja amelifumba, anasikiliza injini. Tulipofika kwenye mataa nikamuuliza vipi.

"Sisikii kitu," alisema.

Sikujua kama alikuwa anaisifu au anailaumu, na sura yake haikunisaidia.

Dada alitupokea mlangoni na chetezo. Hakuwa amebadili mawazo, uso bado ulikuwa umenuna, lakini alikuwa ameweka ubani kwenye kaa, na alilizunguka lile gari lote akilifukiza, bodi na matairi, akisoma chini kwa chini. Alipomaliza alisema kwamba kama tumeshapoteza kiwanja, angalau tusipoteze na watu. Kisha akaingia ndani kuosha mchele.

Wiki zilizofuata nilikuwa kama mzazi wa mtoto wa kwanza. Siku moja nilizima gari nikasikia tik, tik, tik chini yake, nikamwita mume wangu anyanyuke mezani. Alitandika mkeka akalala chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka akaniambia kwamba ni bomba la moshi linapoa, kama bati la paa jua likitua. Siku nyingine nikakuta kidimbwi chini ya injini. Alichovya kidole, akanusa, akasema ni maji ya kiyoyozi. Siku nyingine tena kulikuwa na harufu ya kuungua kutoka Mnazi Mmoja mpaka nyumbani, na mimi njiani nilikuwa nimeshaanza kufikiria kuku wa Tabata. Tulipotazama tukakuta mfuko wa nailoni umeganda kwenye bomba. Kila asubuhi fundi wa ukutani alikuwa akipaza sauti kutoka upande wake, ananiuliza mgonjwa ameamkaje. Nilikuwa namjibu kwamba amekula na amelala vizuri, lakini mkono wangu tayari ulikuwa kwenye kijiti cha kupimia oili.

Mafuta nilinunua kwenye kituo kimoja tu. Dada alisema hata mchele siuchagui hivyo.

Sevisi ya kwanza ilipofika, kule dukani walinikaribisha kwenye chumba cha kusubiria, chenye televisheni na kahawa. Nikawashukuru nikasema nitasimama na gari. Fundi aliyepangiwa kazi alikuwa mwanamke, ovaroli imemkaa vizuri, na nadhani alinihurumia, au labda alifurahi kwamba kuna mtu anayetaka kujua. Nilimuuliza maana ya kila taa inayowaka mbele ya usukani. Alinieleza moja baada ya nyingine bila kuchoka. Alipofika kwenye ile inayowaka dizeli ikiwa imechanganyika na maji, akafungua boneti akanionyesha mahali maji yanapokusanyika: kikombe chini ya chujio la mafuta, skrubu ya kumwagia kwa chini, na kwa juu pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Akanifanya niilegeze skrubu na kuikaza mwenyewe.

Niliporudi nyumbani nilimwonyesha mume wangu. Alipoiona ile pampu uso wake ukabadilika. Akaibonyeza taratibu kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, akaniambia kwamba kwenye treni walikuwa na kama hiyo, ila kubwa, na kwamba aliwahi kuipampu porini huko njia ya kati na abiria wamejaa mabehewa yote. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisimulia hiyo. Alisimama pale kwenye boneti iliyofunguliwa akasimulia mpaka chai ikapoa.

Kazi ndogo ndogo zikaenda salama. Upanga, Magomeni, Ilala tena. Chakula kinafika moto, gari linarudi, mimi napima oili. Halafu ikaja harusi ya Kigamboni.

Ilikuwa shughuli kubwa kuliko zote tulizowahi kupewa. Ndoa ingefungwa baada ya adhuhuri nyumbani kwa bibi harusi, na baada ya ndoa watu wale. Mama wa bibi harusi alikuwa amekula chakula chetu mahali, akatutafuta mpaka akatupata. Kwao hakukuwa na nafasi ya kupikia, kwa hiyo tungepika kwetu Gerezani na kuvusha kila kitu kwa kivuko. Njia ya daraja la Kigamboni ingetuzungusha mno. Nilikubali haraka, halafu nikakosa raha.

Siku moja kabla, kituo changu cha mafuta kilikuwa kimeishiwa dizeli. Nilizunguka, nikaishia kwenye kituo cha pembeni ambacho sikuwahi kuingia. Nilisita kidogo pale kwenye pampu. Nikajiambia dizeli ni dizeli, nikajaza.

Alfajiri uani kulikuwa na moto kila upande. Dada alikuwa hasemi na mtu. Akipika shughuli kubwa huwa hivyo. Kulipopambazuka vizuri sufuria zilikuwa zimefunikwa, zimezungushiwa mablanketi, zimefungwa kwa kamba kwenye bodi la pikapu, kachumbari na ndizi kwenye ndoo zake. Mimi nilishika usukani, mume wangu pembeni yangu, dada na kina mama wawili wanaotusaidia wakakaa nyuma, wote tumevaa nguo za harusi tayari, maana nafasi ya kubadilisha isingekuwapo. Tukateremka mpaka Kivukoni na harufu ya pilau ikitufuata.

Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu. Upande wa pili soko la samaki lilikuwa limechangamka, mnada unaendelea, wanadi wanasikika mpaka ndani ya gari. Tulisogea, tukasimama, tukasogea. Tulipobakiza magari machache kufikia geti, ile taa ikawaka.

Ilikuwa ya njano, na ililia mara moja, sauti ndogo kama ya simu inayoishiwa chaji. Gari la mbele lilipoondoka nikakanyaga mafuta, na pikapu yangu mpya ikajivuta kama mtu mwenye homa, ikatetemeka, ikazima. Nikawasha. Ikazunguka bila kushika.

Nyuma yetu honi zilianza. Mfanyakazi wa kivuko akanionyesha kwa mkono nitoke kwenye mstari. Wapagazi wa samaki wakaja wakatusukuma pembeni, na tukakaa pale tukikitazama kivuko kinajaa, kinafunga, kinaondoka bila sisi. Nyuma yangu dada alikuwa ametoa tasbihi. Hakunisema. Ningependa angenisema.

Mume wangu alikuwa amegeuka dirishani, anaangalia kirikuu zilizojipanga karibu na soko zikisubiri mizigo.

"Nikakodi?" aliuliza.

Lilikuwa swali la haki. Ningesema ndiyo, tungehamisha sufuria, tungefika tukinuka samaki lakini tungefika. Nilifikiria. Nikaiangalia ile taa, na nikagundua kwamba naijua. Fundi wa nyuma ya ukuta alikuwa amesema inawaka halafu inanyamaza, na hapo alikuwa sahihi, lakini hii haikuwa imenyamaza kwangu. Ilikuwa imeniambia kitu kimoja kinachoeleweka: kuna maji kwenye dizeli.

"Ngoja kwanza," nilimwambia. "Nipeni kanga."

Nilijifunga kanga mbili juu ya gauni la harusi, moja kifuani na moja kiunoni, nikafungua boneti. Mume wangu alikata chupa tupu ya maji kwa kisu cha kachumbari, akanipa nusu ya chini. Niliingiza mkono mpaka kwenye kile kikombe chini ya chujio, nikapapasa, nikaipata skrubu. Ilikuwa imekaza. Nikaishika kwa ncha ya kanga, nikageuza, ikalegea. Mume wangu alikuwa ameshaweka kiganja chake kwenye pampu bila kuambiwa.

"Pampu," nilisema.

Akapampu. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji. Kikajaa nusu ya chupa, kikatulia, na tukaona wote wawili jinsi maji yalivyokaa chini na dizeli kidogo ikaelea juu, mpaka kati yake umenyooka. Nikamwaga, nikaweka tena. Alipampu tena, taratibu, kama mtu anayekanda mtoto. Wapagazi walikuwa wamesimama kutuzunguka, na mmoja wao akasema kwa mshangao kwamba ni mama ndiye anayetengeneza. Maji yakawa mekundu kidogo, kisha yakatoka mapovu, kisha ikaja dizeli safi, laini, inateleza vidoleni.

"Kaza," alisema mume wangu. "Sasa kaza."

Nilikaza. Nilirudi kwenye kiti na mikono imelowa mafuta, nikageuza funguo. Taa zote ziliwaka kama kawaida, zikazimika, na ile ya njano ikazimika pamoja nazo. Injini ilizunguka, ikakohoa mara moja, ikashika. Nikaiacha ingurume. Mume wangu bado alikuwa amesimama mbele ya boneti, viganja vyeusi, shati lake jeupe lina alama mbili tumboni, na alikuwa anacheka. Anacheka peke yake, bila sauti, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa Kivukoni au alikuwa porini njia ya kati. Nadhani alikuwa kote.

Mfanyakazi wa kivuko aliturudisha mbele ya foleni bila sisi kumwomba. Labda ilikuwa heshima, labda ni harufu ya pilau.

Ndani ya kivuko lazima uzime gari, na kuzima kulinitia hofu upya. Kuvuka ni muda mfupi, lakini mimi niliuona mrefu; niliangalia boneti njia nzima, sikuona bahari. Tulipogota upande wa pili niligeuza funguo nimefumba macho. Ikawaka papo hapo. Tukapanda ule mwinuko wa kutokea na uzito wote ule, na injini haikulalamika.

Nyumba ya bibi harusi ilikuwa nje ya lami, kwenye njia ya mchanga mweupe kati ya viwanja. Tulipokata kona tu tukakuta njia imezibwa. Kosta, basi dogo la msafara wa bwana harusi, ilikuwa imezama mchangani. Matairi ya nyuma yalikuwa yamejichimbia, na kila dereva alipokanyaga mafuta ilizidi kushuka. Watu wamejipanga pembeni na matari yao wamenyamaza, wazee wamekaa kivulini kwenye kibaraza cha nyumba ya jirani, na bwana harusi mwenyewe bado yumo ndani, na joho lake na jambia kiunoni, anatoka jasho. Wangeweza kutembea, nyumba ilikuwa inaonekana. Lakini hakuna ukoo unaotaka bwana harusi wake aingie ukweni na mchanga mpaka magotini.

Kaka mmoja wa msafara alinijia dirishani akaniambia kwa adabu nirudi nyuma, hapa hapapitiki, chakula kibebwe kwa mikono. Nilimwangalia mume wangu. Yeye alikuwa anaangalia nafasi iliyo kati ya ile kosta na uzio wa michongoma.

"Inapita," alisema.

Niligeuza kitufe cha magurudumu manne. Sikuwahi kukigeuza kabla ya siku hiyo isipokuwa mbele ya nyumba, kwa kujaribu. Dada aliniambia nikimwaga pilau yake nisirudi nyumbani. Nikaingia mchangani polepole, michongoma inakwaruza ubavu wa gari langu jeupe na mimi nausikia kila mkwaruzo kwenye meno, usukani unacheza, nyuma panataka kuteleza, halafu panashika. Tulipita. Tukasimama mbele ya kosta, mgongo kwa uso.

Walileta kamba ya katani nene kama mkono. Mume wangu aliifunga mwenyewe, hakumruhusu mtu mwingine aguse fundo, akasimama pembeni ambapo naweza kumwona kwenye kioo, akainua mkono kama alivyokuwa akiinua stesheni. Alipoushusha, niliachia klachi. Kamba ikanyooka. Kwa muda hakuna kilichosogea, injini ikashuka sauti, ikawa nzito, na hapo kwa mara ya kwanza tangu niinunue niliisikia kweli, mngurumo wa chini unaopanda kwenye sakafu mpaka miguuni. Sikuongeza mafuta kwa pupa. Niliiacha ifanye kazi yake. Kisha nikahisi kitu kimeachia nyuma, kama jino linavyoachia, na kosta ikatoka.

Matari yalianza kabla haijasimama. Kina mama walipiga vigelegele, na wale wawili wa nyuma kwenye kabini yangu wakapiga vyao, masikioni mwangu kabisa. Tuliivuta kosta mpaka mlangoni, kwa hiyo bwana harusi aliingia ukweni akiongozwa na pikapu yenye sufuria za pilau, na nimesikia watu wa Kigamboni wanaizungumzia mpaka leo. Kaka yule wa adabu alikuja kutushukuru, akasema hajapata kuona gari lenye nguvu namna hii. Dada akashuka, akafunua blanketi moja kuhakikisha, akamjibu kwa utulivu kwamba gari limesaidia, lakini uzito wa kushika mchanga ulikuwa wa pilau.

Ndoa ilifungwa kwa wakati wake. Tulipofunua sufuria mvuke ulipanda, na ile harufu ya bizari nzima na mdalasini ikatoka mpaka nje walikokaa wanaume. Nilisimama jikoni kwa watu, mikono yangu bado ina weusi kwenye kucha, nikatazama sinia zinavyotoka. Mama wa bibi harusi alinikuta pale. Alinishika mabega akasema kwa sauti, mbele ya mashangazi wote, kwamba chakula kimefika kama kimetoka motoni sasa hivi. Alikuwa na sauti kubwa yule mama. Nilitamani aseme tena.

Jumatatu yake nilimwaga tanki lote na kulisafisha kwenye gereji ya nyuma ya ukuta, nikabadilisha na chujio, na fundi alifanya kazi ile kwa kimya cha heshima. Mkwaruzo wa michongoma haujatoka. Nimeambiwa mara nyingi nilipeleke gari likapigwe rangi, na mimi huwa nasema nitalipeleka.

Lakini ninachopenda kukumbuka ni jioni ile ya kurudi. Alasiri ilikuwa imeshapita, sufuria tupu zinagongana nyuma, na kina mama walianza kuimba tukiwa bado kwenye foleni ya upande wa Kigamboni. Tulipoingia kivukoni walishuka wakaimba nje, wakipiga mifuniko, na abiria wa miguu wakajazana kutuzunguka, wengine wakaitikia. Mume wangu alinunua karanga akagawa kwa watu asiowajua. Bwana mmoja aliyekuwa anavuka na baiskeli yake alilikagua gari kwa muda, akamuuliza dada kama ni la kukodi.

"Letu," alisema dada.

Tulipotoka Kivukoni nilitaka kukata njia ya mkato kwenda Gerezani, tukapumzike. Dada alikataa. Aliniambia nipite Mnazi Mmoja, kisha niingie Mtaa wa Uhuru, polepole, kwenye maduka ya kanga ambako anajuana na kila mwanamke aliyekaa mlangoni. Aliteremsha kioo, akatoa mkono nje wenye bangili zake zote, na kila alipomwona mtu anayemjua aliniamuru nipige honi. Nilipiga, kwa sababu ni dada yangu mkubwa, na kwa sababu na mimi nilitaka.